Kitenge Ndani ya Begi la Vakansi

Binti yangu anakaa nchi ambayo kiangazi chake kinaangukia wakati sisi hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, tunachoma mabua ya mahindi asubuhi ili vidole vikunjuke. Mwezi wa saba kwao watu wanavua masweta. Kwetu upepo unashuka kutoka milima ya Dowa na kuingia chini ya mlango kama mwenye nyumba. Kwa hiyo aliponitumia sauti kwenye simu akisema, "Mama, été hii, kiangazi ya huku, tunataka kupeleka batoto vakansi," nilikuwa ndani ya blanketi mbili, na nikawahurumia, nikifikiri wanakwenda kutetemeka wapi.

Sauti ile niliisikiliza na mjukuu wangu, msichana ninayeishi naye. Ni mtoto wa mwanangu wa kiume, ambaye alifariki. Mama yake alimwacha kwangu akiwa na miaka kumi. Alisema anakwenda Lilongwe kununua vitambaa, atarudi Jumamosi. Akapitiliza mpaka Afrika ya Kusini, na mpaka leo hajarudi. Mtoto nikamlea, akamaliza shule, sasa anashona nguo za watu hapa kambini, na ananiita koko, kama watoto wa kwetu wanavyomwita bibi yao.

Majina ya hawa wote ninayo. Mimi shule niliiachia darasa la tatu, lakini jina la mtu likishaingia kwangu halitoki. Ninayo ya wale niliochota nao maji nikiwa msichana Fizi, kwetu Kongo, ya wale wa kambi ya kwanza kule Tanzania, hata la dereva wa lori aliyetushusha hapa na kutugawia ndizi zake. Sitaandika hata moja. Wengi wako hai, na wana mambo yao.

Vakansi yenyewe ilibidi nielezwe. Mimi nimesafiri sana kuliko watu wengi wenye pasi za kusafiria. Nimevuka ziwa, nimelala kwenye mabehewa, nimetembea kwa miguu usiku na mchana. Lakini kila safari yangu ilikuwa ya kwenda tu. Kufunga begi, kwenda pahali kukaa bure, kula, kuangalia maji, halafu kurudi nyumbani kwa hiari, hiyo sikuwahi kuifanya, na sikumjua mtu hapa aliyeifanya.

"Batoto bamekuwa bakubwa, mama," binti yangu alisema. "Musichana ana kumi na tisa, kijana kumi na sita. Mwaka kesho hakuna hata mumoja atakubali kutembea na sisi. Hii njo ya mwisho."

Nikamwambia, "Basi mukuje hapa."

"Tutakuja siku moja, mama. Lakini vakansi si ya kulala kwenye jamvi na kupanga mustari wa maji. Batoto bale, ukibapeleka kambini, batalia tu, halafu batarudi na huruma. Mi sitaki bakuone na huruma."

Tukapanga kwa simu, wiki baada ya wiki. Kunipeleka mimi kwao haikuwezekana, viza walishaninyima. Hoteli za baharini, zile anazoziona kwenye simu, bei zake ni za watu wengine. Yeye anaogesha wazee katika nyumba ya wazee, mume wake anaendesha gari la mizigo, na walikuwa wameweka akiba kwa safari moja tu. Mwisho akapata la kufanya. Watapanda ndege ya bei ya chini, ile inayobadilishwa mara mbili na haitaki mizigo, kila mtu begi moja la mgongoni. Watashuka Dar es Salaam. Mimi na mjukuu wangu tutapanda basi Lilongwe, tutakutana nao pale. Halafu wote treni mpaka Kigoma, ambapo alikuwa amepata nyumba ya kupanga yenye jiko, karibu na ziwa. Tutapika wenyewe.

"Kigoma, mama. Siku isiyo na ukungu unaona milima ya kwetu ng'ambo."

Fizi yenyewe hatuwezi kwenda. Vita vimekaa kule kama mgeni asiyejua kuaga. Lakini kuiona kwa mbali, na binti yangu akiwa pembeni, na wajukuu, mmoja niliyembeba mgongoni na mwingine sijawahi kumgusa, hiyo niliitaka kuliko kitu chochote nilichokitaka tangu nifike Malawi. Nilianza kula vizuri ili nisiumwe.

Kwa kuwa watoto ni wakubwa, binti yangu alisema kila mtu achague kitu kimoja, asije mtu kununa njiani. Msichana wake alichagua treni. Kijana alichagua kuogelea. Yeye Kiswahili chake kinatembea kama mtu anayevuka mto gizani, anapapasa kwanza.

"Koko," alisema kwenye simu, "kule… iko wifi?"

"Iko nini?"

Mjukuu wangu wa hapa akacheka mpaka akakaa chini. "Koko, ni ile ya intaneti. Mwambie kule kuna samaki."

"Kuna ndagala," nikamwambia kijana, wale dagaa wa ziwa la kwetu.

"Dada hali nyama na hali samaki," akasema.

"Anaumwa?"

"Hapana. Anapenda tu vile."

Niliwaza siku nzima mtu anayekataa samaki akiwa mzima. Hapa tunakula usipa, samaki wadogo wa ziwa la Malawi, na kila nikiwala nawaambia watu kwamba si wabaya, lakini si ndagala. Mjukuu wangu amezaliwa Dzaleka, hajaona ziwa hata moja, na maneno hayo ameyasikia mpaka amechoka. Zamu yake ya kuchagua ilipofika, alisema na yeye ataogelea.

"We unajua kuogelea?" nikamwuliza.

"Sijui, lakini nguo ninayo."

Alikuwa ameshona nguo ya kuogelea kwa mabaki ya vitambaa vya sare za kwaya. Ilikuwa ya zambarau, na mbele kulikuwa na kipande cha neno lililopigwa chapa kwenye sare. Alijipima juu ya gauni lake, akazunguka katikati ya nyumba. Nilimwambia ataimbisha samaki.

Kisha kitabu chake cha safari, kile mkimbizi anachovukia mpaka, hakikutoka. Changu kilikuwa tayari tangu mwaka uliopita, baada ya kungoja kwingi. Chake kila tulipouliza ofisini walisema bado kinaangaliwa, rudini. Tukarudi, tukarudi tena. Tikiti za kule zilikuwa zimenunuliwa, na ndege ya bei ya chini ukiiacha, imekula pesa.

Siku moja binti yangu alipiga simu badala ya kutuma sauti, na spika ilikuwa wazi, tunasikia sote wawili. "Mama, ukuje we. Yeye tutamufikiria siku ingine. Mi sina namna."

Niliangalia mjukuu wangu. Alimjibu shangazi yake, "Iko sawa, tante." Halafu akatoka kuanua nguo ambazo zilikuwa bado zinadondosha maji.

Nilimwita, nikamwambia kama hataki niende, sitakwenda. Akasema, "Koko, enda ukamuone mutoto wako." Nikachukua maneno yake kama yalivyokuwa. Nilitaka kuyachukua hivyo.

Tatizo likaja kutoka kanisani. Mimi ni mmoja wa mama wa maombi, tunakutana Alhamisi, na mtu akisafiri hata kwenda hospitali ya Lilongwe anaombewa. Nikawaambia mama wenzangu kwamba ninakwenda Tanzania, vakansi, wiki mbili, halafu narudi. Walitingisha vichwa kwa heshima kubwa sana. Hiyo heshima ndiyo iliyonitia wasiwasi.

"Vakansi," alisema mmoja, mwenye kibanda cha sabuni. "Vizuri, mama. Hata yule wa mtaa wa nyuma alisema anaenda kung'oa jino. Jino lake sasa liko Australia."

"Mimi narudi," nikasema.

"Tunajua, mama. Unarudi."

Wakacheka kwa mdomo uliofungwa. Asiyekaa hapa hataelewa. Katika kambi hii mtu akipata nchi ya kupokelewa, hasemi. Anaogopa wivu, anaogopa kesi yake kuharibika siku ya mwisho. Anasema anakwenda kutibiwa, anakwenda kuchukua picha mjini, na siku ya basi watu wanaona magodoro yanatolewa nje. Kwa hiyo mtu akisema kweli kabisa, kwamba anatoka na atarudi, amesema maneno yale yale ya wanaoondoka. Mimi nilisema vakansi, na vakansi hawakuijua, ikawa mbaya zaidi. Walidhani nimepata uwongo mpya wa hali ya juu.

Jirani yangu Mrundi alikuja jioni ile ile, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Mukecuru," aliniambia, kama wanavyowaita bibi wazee kwao, "mi sitaki kukuhangaisha. Lakini ukuta wetu ni mumoja. Nyumba usimupe mutu mwingine."

"Nyumba siiachi."

"Basi sawa. Siku utaiacha, usisahau jirani."

Jumapili mchungaji akaniita mbele. Nilifikiri ni maombi ya safari ya kawaida. Akaweka mkono kichwani kwangu na kuomba Mungu anifungulie milango katika nchi mpya, niwe nuru kwa watu wa huko, na Mungu awatunze waliobaki. Kwaya ikaimba ule wimbo wa kuaga, ambao hapa ukiimbwa hata watoto wanajua maana yake. Wamama wakaja na vitu vyao: unga wa karanga, sabuni, kikapu. Mmoja alininong'oneza nikifika nimtafute kaka yake, akanitajia jina na mji wenye theluji. Nikasema naenda Kigoma. Akaniminya mkono. "Ndiyo, mama. Kigoma."

Ningeweza kuchukua kipaza sauti na kukataa mbele ya wote. Lakini watu walikuwa wanalia, na wengine walikuwa wanalia kwa kupenda kweli. Nikapokea kikapu.

Mjukuu wangu alikuwa kwenye mstari wa nyuma wa kwaya. Aliimba wimbo wote. Tulipofika nyumbani aliuliza kitu kimoja tu.

"Koko, utarudi siku gani?"

"Jumamosi," nikasema, "ile Jumamosi ya tatu."

Akaendelea kumenya viazi vitamu. Mimi nilikuwa natafuta miwani, na neno Jumamosi lilipita masikioni mwangu kama siku nyingine yoyote.

Begi nililifunga Jumatatu, begi moja la mgongoni kama binti yangu alivyoagiza. Mikono yangu inajua kufunga begi, haihitaji kichwa. Ilianza chini kama inavyoanza siku zote: sufuria ndogo, chumvi kwenye kitambaa, na kitenge changu cha mwisho. Kitenge hicho bibi wa umri wangu wengi wanacho. Unakinunua ukiwa na nguvu, hukivai, unakikunja na kipande cha sabuni ili wadudu wasikile, na watu wa nyumbani wanajua kwamba siku ukifa utafunikwa nacho. Unakiweka pale utakapozikwa. Ukihama, kinahama. Cha kwanza nilikibeba kutoka kwetu, kikamzika mdogo wangu njiani. Hiki nilikinunua kambi ya Tanzania, kina ndege wa bluu, nami nimekivusha mpaka wa Malawi. Juu yake nikaweka magauni, sweta, zawadi za wajukuu. Nikavuta zipu. Nikaenda kumuaga mgonjwa mtaa wa pili.

Niliporudi, begi lilikuwa wazi juu ya kitanda. Kitenge kilikuwa juu ya vitu vyote, kimekunjwa upya, pembe kwa pembe, kama fundi anavyokunja kitambaa cha mteja. Sabuni yangu ilikuwa pembeni. Nje, meza ya cherehani ilikuwa imebaki na tundu katikati, kichwa cha mashine hakipo.

Jirani alikuwa ameegemea ukuta wetu mmoja. "Amepanda baiskeli ya kabaza, na kile kichwa cha cherehani mapajani," alisema. "Nilimuuliza unaenda wapi. Akasema, Lilongwe, kununua vitambaa."

Nikakaa kwenye kitanda karibu na begi. Ndipo nikasikia ile Jumamosi niliyoisema, na nikajua aliyeisema kabla yangu alikuwa nani. Maneno ya kanisani mjukuu wangu angeweza kuyapuuza, anajua midomo ya watu. Lakini alitaka labda kuniwekea kitu kwenye begi, akafungua, akakuta kitenge. Hakuna mtu anayebeba kitenge cha kuzikwa kwenda vakansi. Mimi nilikibeba kwa kuwa mikono yangu haikujua safari ya namna nyingine, na hilo ningemwelezaje mtoto ambaye hakuwepo?

Kitu kingine nilikuwa nakijua. Area 36 kule mjini Lilongwe anakaa rafiki yake, fundi mwenzake, ingawa sisi wakimbizi haturuhusiwi kukaa mjini na wakikukuta wanakurudisha kwa nguvu. Rafiki huyo alikuwa anakusanya wasichana wa kwenda Kusini, wapite Msumbiji kwenye malori. Alishamtaka mjukuu wangu mara nyingi. Siku zote alimjibu, koko wangu nitamwachia nani. Sasa jibu hilo nilikuwa nimempokonya.

Basi la Dar lilikuwa la kesho yake asubuhi. Nilibeba begi langu, nikatangulia Lilongwe siku ile ile mchana, maana njia ilikuwa moja.

Area 36 ukiwa mgeni unapotea, nyumba zimeshikana na kila kona kuna kibanda. Nilikwenda nikiuliza fundi wa kike Mkongo. "Zikomo," naomba radhi kwa Kichewa, na mtu ananielekeza kwa kidevu. Nilimkuta mjukuu wangu kwenye chumba nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, vumbi la unga kwenye nyusi zake. Alikuwa amefunga kichwa cha cherehani kwenye meza ya kuazima na anashona mfuko mkubwa wenye mikanda ya kubebea. Rafiki yake aliniona kwanza.

"Koko amekuja na begi lake," alisema. "Na we unaenda Kusini?"

"Nitoke na mjukuu wangu tuongee kidogo," nikamwambia, "au utoke wewe. Miguu yangu imechoka."

Akatoka. Mjukuu wangu hakuacha kushona.

"Basi lako ni kesho," alisema.

"Ni kesho."

"Utachelewa."

"Nimesikia umekuja kununua vitambaa."

Mguu wake ukasimama kwenye pedali. "Mama alisemaka vile vile," alisema. "Na Jumamosi alisema. Koko, mi sikukatazi. Enda tu. Lakini ungeniambia. Kanisa yote banajua, mi njo wa mwisho."

"Hakuna cha kujua. Naenda Kigoma kuona ziwa."

"Na kitenge?"

Nikafungua begi pale sakafuni. Nikatoa sufuria. Nikatoa chumvi. Nikatoa kitenge, nikavipanga mbele yake. Nilimwambia hivi ndivyo nilivyobeba usiku tulipotoka kwetu, na hivi ndivyo nilivyobeba nilipotoka Tanzania, na kwamba hata ningekuwa naenda choo cha mbali ningevibeba. Nilimwuliza mtu anayekwenda kukaa kwenye nyumba yenye jiko anabeba sufuria ya nini.

Aliangalia sufuria. Mdomo ukataka kucheka, ukashindwa. "Na chumvi," alisema.

"Na chumvi. Tanzania nzima haina chumvi."

"Koko, unazeeka."

"Nimezeeka zamani. Kamata kitenge hiki, ukae nacho. Mimi nikirudi utanipa."

Alikishika, akakipapasa ukingo kwa kidole gumba, kazi yake. Halafu akakirudisha juu ya begi taratibu. "Hata mama aliniachiaka kitu," alisema. "Aliacha viatu vyake vizuri. Alisema, angalia, siwezi kwenda mbali bila viatu vyangu."

Hilo sikulijua. Miaka yote niliyomlea sikulijua. Nilikuwa nimeviona viatu vile chini ya kitanda, vyeusi, vya kisigino, nikafikiri anavitunza ili avivae akikua.

Mashine ya mahindi ikaanza kunguruma, hatukuweza kuongea. Nikaketi juu ya gunia. Nilimwazia binti yangu, aliyekuwa njiani saa ile, na yule kijana wa kupapasa maneno, na milima. Nikajipa moyo kwamba huyu ni mkubwa, ana miaka kumi na nane, nitarudi atanikuta. Lakini niliangalia ule mfuko aliokuwa anaushona. Ulikuwa imara, mshono mara mbili kwenye mikanda. Alikuwa anaushona kwa ajili ya njia ndefu. Kama ningepanda basi, asubuhi ile ile angepanda lori, na hakuna maneno yangu yangemzuia, kwa kuwa maneno yote mazuri alishaambiwa na mtu mwingine.

Mashine iliponyamaza nilisema, "Fungua kichwa cha cherehani. Turudi."

"Koko, tikiti."

"Fungua."

Simu nilimpigia binti yangu nikiwa barabarani, nikingoja gari. Alikuwa ametua Dar, nyuma yake nilisikia watu wengi na mtoto wake mkubwa akiuliza maji. Nikamwambia siji, na kwa nini.



"Mama, nimekusanya toka mwaka juzi," alisema. "Nimeogesha bazee. Hata Noeli nilifanya kazi."

"Najua."

"Yule ni mukubwa. Angebaki wiki mbili."

"Angeondoka."

"Na mimi, mama? Mi sikuondoka?"

Yeye alipata nchi akiwa ameshaolewa, akaniacha kwa haki, na karatasi zilitaka hivyo. Hakufanya kosa lolote. Lakini mtoto wako ukimwambia hakufanya kosa, wakati unamnyima kile alichokuja kuchukua, anasikia nini? Nikasema, "Nisalimie batoto." Akasema atawasalimia.

Dzaleka hawakujua watufanye nini. Nafikiri mimi ni mtu wa kwanza kuimbiwa wimbo ule na kuonekana bombani siku mbili baadaye na ndoo. Mama wa sabuni aliniona, akaweka mkono kifuani.

"Mama. Umerudi?"

"Niliwaambia nitarudi."

"Lakini mbio hivi?"

"Vakansi ilikuwa nzuri, ikaisha."

Walicheka, na baadaye wakaanza kuniogopa kidogo. Wengine walisema kesi yangu imekataliwa uwanja wa ndege, wakaniletea unga mwingine wa karanga kunipa pole. Jirani hakusema kitu kuhusu ukuta kwa siku kadhaa. Mchungaji alinisalimia kama mtu anayemdai.

Wiki ya pili binti yangu alipiga kwa picha. Tulikuwa ndani, mimi na mjukuu wangu, yeye anapiga pasi nguo ya mteja. Kwenye simu nikaona maji, mengi, ya rangi ya kijivu. Halafu uso wa kijana, mrefu kuliko nilivyofikiri, nywele zimelowa.

"Koko," alisema. "Mama anasema… milima ile, njo kwenu?"

Aligeuza simu. Niliiweka karibu na macho, nikavua miwani, nikaivaa tena. Kulikuwa na maji, na juu yake weupe tu. Mwezi wa saba na wa nane watu wanachoma majani kila upande wa ziwa, moshi unalala juu ya maji. Nilikuwa nimeusahau moshi huo. Wote tuliupanga mwezi huo kwa sababu ya likizo zao, na hakuna aliyekumbuka.

"Sioni, na we unaona?" nikamwuliza.

"Hapana. Ni… ukungu."

"Simama hivyo hivyo. Anzia mkono wako wa kulia."

Nikamtajia. Nilianza kaskazini nikashuka kusini, vijiji vya chini ya mlima kimoja kimoja, mito inayoingia ziwani, rasi ambapo wavuvi walianika ndagala, nyumba ya mama yangu, na jirani zake mpaka mwisho wa njia. Kila mmoja kwa jina lake. Yeye alirudia baadhi, vibaya, na dada yake pembeni alikuwa akimsahihisha. Binti yangu sikumwona. Nilisikia tu mtu anapangusa pua karibu na simu.

Nilipomaliza alichukua simu mwenyewe. Uso wake umekuwa wa mama yangu. "Batoto bamependa treni," alisema. "Mwaka kesho musichana ataenda kwa shule ya mbali. Habatakuja tena pamoja, mama."

"Nimesikia."

"Sawa."

"Ule ndagala kwa ajili yangu."

"Ninakula," alisema, na simu ikaisha chaji, upande wangu au upande wake, sijui.

Mjukuu wangu alikuwa ameacha pasi imesimama wima. Kitambaa cha mteja kilikuwa hakijaungua, aliwahi. Akaniuliza lile jina la kijiji baada ya rasi, lile refu, ni lipi. Nikamwambia. Akalirudia mara mbili mpaka likakaa sawa, halafu akashika pasi yake tena.

Kitenge cha ndege wa bluu sikuwahi kukirudisha mahali pake. Kiko kwenye ule mfuko wa mikanda mjukuu wangu aliouleta kutoka Area 36, chini ya meza ya cherehani. Mfuko hajaubomoa wala hajauuza. Kila ninapofagia ninausogeza, nafagia chini yake, ninaurudisha.